Mapazia Yaliyomnyima Mama Prisca Mkopo

Juzi kijana mmoja aliyevaa tai alikuja mtaani kwetu Majengo kukagua nyumba ya jirani yangu anayeomba mkopo. Alishuka kwenye gari, akapiga picha nne kwa simu, mbele, nyuma, ubavuni na choo, akarudi kwenye gari. Mimi nilikuwa nimekaa barazani kwangu, nikamwita. Alinipa shikamoo yangu vizuri, hilo sina la kumlaumu. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona hujaomba maji ya kunywa?" Akaniambia ana chupa yake garini. Halafu akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayejiuliza huyu mzee ametoroka hospitali gani.

Basi nikaona niwaandikie ninyi mnaoingia kwenye kazi hizi za kukagua nyumba za watu. Sina elimu kubwa ya kuwagawia. Nina makosa, na moja kati ya hayo nusura limwangushie ukuta mwanamke mmoja na watoto wake, kwa sababu mimi nilitekwa na mapazia. Chekeni tu. Mke wangu bado ananicheka mpaka leo.

Nilikuwa mkaguzi wa mikopo ya nyumba za vijijini, ofisi yetu hapa Moshi mjini. Serikali ilidhamini mfuko wa kuwakopesha wananchi wa kawaida wajenge, na sisi wa ndani tuliuita Mfuko, basi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mabati na saruji vilikuwa vimeanza kuonekana madukani bila kibali cha mtu, na kila mwenye nyumba ya majani huko mlimani alitaka bati. Ofisi ilikuwa na pikipiki moja, taipureta moja ambayo haiandiki mpaka uipige kofi, na mkuu mmoja, Mzee Aminieli. Huyu alikuwa mtu wa mlimani, mrefu, mkavu, mzee wa kanisa, na kila fomu aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anatafuta mchawi.

Masharti ya mkopo yalikuwa mengi lakini matatu ndiyo yaliyoliza watu. Kwanza, mwombaji awe anaishi kwenye kiwanja chenyewe, siyo mtu wa Dar anayepanda Krismasi na kushuka mwaka mpya. Pili, asiwe na nyumba nyingine inayofaa kuishi. Tatu, kiwanja kisiwe na ugomvi. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuona kwa macho yangu na kuandika. Nikiandika anastahili, faili linakwenda kwenye kamati. Nikiandika hastahili, faili linafungwa kamba nyekundu, na kamba ile ilikuwa ngumu kufunguka kuliko mdomo wa Mzee Aminieli siku ya Jumatatu.

Na mimi sasa mnijue. Ni mtoto wa mjini. Baba yangu fundi cherehani, asili yake Pangani, mama Mpare wa Usangi, mimi nimezaliwa Majengo na madrasa nimesoma Majengo. Mlima nilikuwa nauona kila asubuhi nikipiga mswaki, lakini jinsi watu wanavyoishi kule juu nilikuwa sijui hata kidogo. Kichagga changu kilikuwa cha kusalimia na kusema "aika", yaani asante. Hapo kilikuwa kimekwisha.

Mwaka wa kwanza nilinenepa. Kila nyumba niliyofika, mbege ilikuwa inaletwa kwenye kata. Nikisema mimi Mwislamu, sinywi pombe, mwenye nyumba anasikitika kweli kweli, halafu analeta maziwa. Ukikataa na maziwa umemtukana. Siku moja nilikagua nyumba nne, nikashuka mjini nimejaa maziwa kama ndama, pikipiki inaruka mashimo na tumbo linaitikia kila shimo.

Na makosa madogo yalikuwepo, mkitaka kucheka zaidi. Kule Mabogini nilipima kiwanja mwezi wa pili kwa futi kamba, kikavu, tambarare, nikaandika "kinafaa sana kwa ujenzi". Mwezi wa nne nikarudi kuangalia msingi, nikakuta jaruba la mpunga na vyura wananipokea. Mwenyewe akaniambia kwa upole, "Bwana mkaguzi, ungeniuliza ningekwambia. Wewe uliuliza futi kamba."

Lakini aliyeniharibu akili alikuwa babu mmoja wa Masama. Huyu alisikia kwamba mwenye nyumba nzuri hapati mkopo. Akaezua mabati sita, akayaficha kwenye migomba, akatoa viti, akatoa kitanda, akaingiza mbuzi wanne sebuleni, halafu akakaa katikati yao amejifunga blanketi lililotoboka, ananisubiri kwa uso wa msiba. Mimi nikatazama huku na huku. Nikaona kinyesi cha mbuzi, nikaona mbuzi. Nikaandika, "Hapa haishi mtu. Ni banda la mifugo." Sharti la kwanza likamkamata kabla hajafika kwenye la pili! Alinifuata mpaka ofisini amevaa suti ya harusi, anapiga kelele kwamba yeye ni mtu na anaishi pale, waulizeni mbuzi.

Tulicheka wiki nzima. Ubaya wake ni kwamba kichwa kilinivimba. Nikajiona bingwa wa kuwabaini wajanja. Tangu siku hiyo nikifika kwa mtu, nilikuwa natafuta alichoficha, na nikiona kitu kizuri nilikuwa nafurahi kama mtu aliyeokota noti.

Ndipo likaja faili la Mama Prisca wa Kirua Vunjo.

Fomu yake ilijazwa na balozi wa nyumba kumi wa pale kwao, jina lake Severini, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma seminari akaishia njiani. Alikuwa ameandika hivi: "Mwombaji ni mjane mwenye watoto watatu. Anaishi katika nyumba ya fito na udongo. Ukuta wa upande wa juu umeegemea ndani. Masika ijayo hautavuka." Ilikuwa mwezi wa kwanza. Masika huanza mwezi wa tatu.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijawasha pikipiki. Nilimpelekea taarifa kwamba nakuja Alhamisi.

Nilipofika, nilimkuta amesimama njiani na gauni la kanisani na viatu vya kanisani, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono yake ya jembe ameifungia kifuani kwa adabu. "Karibu bwana mkaguzi. Pole na njia. Karibu ndani." Akafungua fundo la khanga, akatoa ufunguo, akafungua mlango. Nikaingia. Mama yangu! Matofali ya kuchoma, dari, sakafu nyekundu inayong'aa, makochi yenye vitambaa vya kufuma. Na madirishani mapazia, jamani, mekundu yenye maua, mazito, mawili mawili.

Nilipewa mtori wenye nyama, na nyama yenyewe ilikuwa nyingi kuliko ndizi. Nikapewa kahawa. Kabla ya kuileta alifungua kabati la kwanza, akafunga, akafungua la pili, akafunga, la tatu ndipo akapata vikombe. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama. Makochi yalikuwa bado na nailoni ya dukani chini ya vitambaa. Vyote hivyo niliviona, na kichwani havikuniambia kitu, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshamkamata Balozi Severini kwa uongo.

Nikauliza kwa mazoea tu, "Na kile kijumba kule nyuma ya migomba?"

Mama Prisca akatazama chini. "Kule kuna ng'ombe," akasema.

"Nyumba nzuri hii, mama."

"Asante," akajibu, kwa sauti ndogo sana.

Nikashuka mjini nimeshiba na hasira nimebeba. Nikaandika: "Mwombaji tayari ana nyumba bora ya matofali, vyumba vinne, dari na mapazia mazito. Hastahili. Balozi aonywe kwa kutoa maelezo ya uongo." Mzee Aminieli akapitisha kidole juu ya maneno yangu, akatia sahihi, kamba nyekundu ikafungwa.

Katikati ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, nikaambiwa nina mgeni. Ni Mama Prisca. Amepanda gari kutoka Kirua na mkungu wa ndizi mshare, na kutoka stendi ameubeba kichwani mpaka ofisini. Akautua miguuni kwangu. "Zawadi ya kukushukuru kwa kuja kwetu," akasema. "Na nimekuja kuuliza, hizo pesa za nyumba zitatoka lini? Maana wingu limeanza kukaa mlimani."

Barua ya kumkatalia haikuwa imemfikia. Jamani, nilitamani simu ya ofisini ilie. Nikamwambia, "Mama, ombi lako limekataliwa. Unayo nyumba tayari."

"Nyumba ipi?"

"Ile niliyoikagua."

"Ile ya shemeji?"

Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Ile ni nyumba ya mdogo wa marehemu mumewe, Deo, mfanyabiashara wa Arusha. Ameijenga hapo kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, ambamo ndugu hujenga karibu karibu. Inafunguliwa Krismasi, inafungwa mwaka mpya, na ufunguo anaachiwa yeye ili afagie. Kile kijumba nyuma ya migomba ndiko anakoishi na watoto. Na ng'ombe yumo humo humo, upande wa pili wa fito, wala Mama Prisca hakunidanganya.

"Sasa kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekuambiaje? Mgeni wa serikali nimwingize kwenye nyumba ya ng'ombe, akae juu ya debe? Majirani wangesema nini? Hata viatu hivi niliazima." Halafu akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya. "Kwa hiyo nimenyimwa nyumba kwa sababu nilikupokea vizuri?"

Akatoka bila kulia na bila kugomba, na mkungu akauacha pale pale sakafuni.

Sasa ninyi mtasema, mzee, si ungefungua faili siku ile ile? Ngojeni. Kufungua faili lililofungwa kulikuwa na njia moja tu: mkaguzi aandike barua akiri kwamba amekosea, mkuu apeleke ukaguzi wa pili. Na wiki zile serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Kila mkuu aliagizwa kuandika majina ya wa kuondoka. Tulikuwa tunatembea ofisini kwa ncha za vidole, hata kukohoa tulikuwa tunakohoa kwa adabu. Nipeleke barua ya kosa kipindi hicho? Nilikuwa na watoto wawili na wa tatu yuko njiani. Niliogopa, na sioni sababu ya kuwaficha. Nikalisukuma faili chini ya mafaili mengine, nikachukua mkungu nikaenda nao nyumbani.

Mke wangu, Zaina, akazipika zile ndizi kwa nazi. Tulikuwa tunakula vizuri tu, mimi nimeshalamba vidole, akaniuliza, "Ndizi tamu hizi umezinunua wapi?" Nikamwambia sikununua, amenipa mama mmoja wa Kirua. "Kwa nini akupe?" Nikaanza kuzungusha maneno. Zaina ni mtoto wa Njoro, huwezi kumzungushia maneno. Kipande kwa kipande akayatoa yote, ukuta, masika, shemeji, mapazia.

Akaweka kijiko chini. "Yaani unakula ndizi za mwanamke uliyemnyima nyumba?"

"Zaina, wanaandika majina..."

"Na jina lako waliandike! Mimi nitakaanga maandazi. Yeye ukuta ukimwangukia mtoto atakaanga nini?" Akachukua sahani yangu ikiwa na ndizi nusu, akaiondoa. Chakula chenyewe sikurudishiwa.

Kesho yake nikaandika barua. Mzee Aminieli akaisoma kwa kidole, kidole kikasimama katikati. "Umeandika nini hapa? 'Nilipotoshwa na mapazia.' Mapazia yanampotosha mtu?"

"Ndiyo, mzee."

"Yalikuwa ya rangi gani?"

"Mekundu, mzee. Yana maua."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Uliomba maji ya kunywa?"

"Nilipewa kahawa, mzee."

"Sikukuuliza ulipewa nini. Uliomba maji?" Nikasema hapana. "Mwenye nyumba ukimwomba maji, mkono wake unakwenda kwenye kikombe huku macho yake yako kwako. Hafikiri. Yeye alifungua makabati mangapi?"

"Matatu."

Akajipiga kofi kwenye paji la uso. Mzee wa kanisa, mtu mkavu vile, akajipiga kofi! "Matatu, na wewe umekaa unakula mtori! Na jivu la jikoni uliliona? Njia uliitazama? Miguu ya watoto ilikuwa imechora njia kwenda wapi, kwenye matofali au kwenye migomba? Nguo zilianikwa wapi?" Kila swali lilikuwa linaniongezea jasho. Vijana, hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya kazi, niliyapata kwa dakika tano nikiwa nimesimama. Yaandikeni mahali.

Alipomaliza, akasema kwa sauti ya chini, "Unajua wiki hii naandika majina."

"Najua, mzee."

"Na barua hii inaingia kwenye faili lako."

"Najua."

Akanirudishia karatasi. "Umesahau tarehe. Weka tarehe. Nitakwenda kukagua mwenyewe, na safari hii asipelekewe taarifa hata na kunguru."

Ningependa kuwaambia tulikwenda kesho yake. Lakini petroli ilikuwa hakuna, halafu ikawepo na pikipiki ikaharibika, halafu Mzee akaitwa Dodoma kwenye mkutano wa hayo hayo majina. Mimi nikawa kila asubuhi nikitoka nyumbani nautazama mlima. Siku za nyuma nilikuwa nautazama kwa kujifurahisha, sasa nikawa natafuta wingu la upande wa Kirua. Masika ile iliwahi. Wiki ya mwisho ya mwezi wa pili mvua ikaanza juu, na mimi nikawa siwezi hata kula.

Tulipofika hatimaye, Mzee amekaa nyuma yangu kwenye pikipiki amekumbatia mkoba wa fomu, tope lilikuwa limetupaka mpaka masikioni. Wa kwanza kutupokea alikuwa Balozi Severini na mwavuli wake. Hakunisalimia. Alimwuliza Mzee Aminieli, "Huyu ndiye aliyeandika kwamba mimi mwongo?"

"Ndiye," Mzee akasema.

"Basi mlete aone uongo wangu."

Akatupitisha mbele ya nyumba ya matofali, imefungwa, mapazia yamenyooka ndani ya vioo. Nyuma ya migomba, ukuta wa juu ulikuwa umelala chini kabisa, fito zimechomoza kama mbavu. "Watoto?" nikauliza.

"Wazima," akasema Severini. "Ulianguka mchana, wako shule, yeye yuko shambani. Ng'ombe ndiye aliyeshtuka, na mpaka leo maziwa amepunguza."

Pembeni ya magofu majirani walikuwa wamemjengea kibanda cha magome na majani ya migomba, kiko chini, mlango ni wa kuinama. Wadogo wawili walikuwa wamehamia kwa jirani. Prisca, binti mkubwa, alikataa kumwacha mama yake. Mzee Aminieli akauliza swali ambalo na mimi lilikuwa linanikaba: "Na ufunguo wa kwa shemeji anao?"

"Anao kiunoni. Na shemeji mwenyewe ametuma neno kutoka Arusha, aingie tu akae. Hataki."

Mama Prisca akatokea mlangoni, ameinama, safari hii na khanga ya shamba na miguu mitupu. Mzee akamsalimia kwa Kichagga, halafu akahamia Kiswahili ili na mimi nisikie. "Mama, una ufunguo. Kwa nini unalowa?"

"Shikamoo baba," akasema. "Nikiingia mle, huyu bwana ataandika tena nina nyumba. Na Krismasi shemeji akija na wageni wake, nitatokea mlango upi na wanangu? Mimi nataka yangu. Iwe ndogo, ila iwe yangu." Kisha akasogea pembeni ya mlango. "Karibuni ndani. Leo sina cha kuazima, kila mtu vitu vyake vimelowa."

Tukaingia kwa kuinama. Mzee Aminieli, mrefu vile, alikaa kwenye kigoda magoti yakiwa karibu na masikio. Akaomba maji. Mama Prisca hakugeuza hata shingo, mkono ukaenda nyuma yake, ukarudi na kikombe. Mzee akanitupia jicho, mimi nikatazama moto. Tukapewa ndizi za kuchoma na maziwa kidogo, kikombe ni kimoja, tukazungushiana. Prisca alikuwa anachochea kuni na kutucheka kimyakimya, wanaume wawili wa serikali tumekunjamana kama jamvi.

Mzee akafungua fomu juu ya goti. "Mwombaji anaishi kwenye kiwanja? Ndiyo." Akaandika. "Kiwanja kina ugomvi? Balozi, kina ugomvi?"

"Ugomvi ni wangu mimi na huyo mkaguzi," Severini akajibu kutoka nje. "Kiwanja hakina."

"Hali ya nyumba ya sasa." Hapo Mzee akainua kichwa kutazama juu, na juu pakamjibu. Tone kubwa la maji machafu likadondoka, likatua katikati ya fomu, wino ukaanza kutembea. Nikaruka kutoa karatasi nyingine mkobani. Mzee akanizuia. Akaandika pembeni ya lile doa, kwa herufi kubwa, "TAZAMA HAPA", akachora mshale, akatia sahihi.

Fomu ile ilikwenda kwenye kamati vile vile ilivyo, imekauka na kukunjamana kama chapati. Nilisimama mbele ya watu saba nikasomewa barua yangu ya mapazia kwa sauti. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. Halafu wakaupitisha mkopo bila swali.

Majina nayo yalitoka. Langu halikuwemo. Lilikuwemo la Mzee Aminieli mwenyewe. Alikuwa ameambiwa kitengo chetu kitoe mtu mmoja, na badala ya kuandika jina la mmoja wetu akaandika lake. Siku ya mwisho nilimkuta anakunja koti, nikataka kusema kitu, akaniwahi. Akaniambia, "Usinililie, mimi nina kahawa yangu shambani. Wewe utaishi na nini, na mapazia?" Akaniachia kiti chake na kalamu zake mbili, na mimi nikakikalia kile kiti miaka mingi mpaka Mfuko wenyewe ulipofungwa.

Mama Prisca akajenga vyumba viwili na sebule, tofali za saruji, juu bati jipya. Dari hakuweka, alisema dari ni ya watu wa Arusha. Nilikwenda kukagua msingi, nikaenda kukagua lenta, nikaenda kukagua paa, na kila mara nilimsalimia Balozi Severini kwanza, naye kila mara alikuwa anajibu kana kwamba anatoa sadaka.

Mwaka uliofuata masika ilikuja na hasira zake. Jumatatu moja, Balozi akaingia ofisini kwangu, mwavuli unamiminika maji, akasimama bila kukaa. "Nimeshuka kununua mbolea," akasema. "Nina ujumbe wako. Mama Prisca anasema nikwambie kwamba juzi mvua imenyesha Jumamosi kutwa, ikanyesha usiku kucha, mabati yakapiga kelele kama ngoma, na nyumba nzima hakuna aliyeamka. Wamechelewa misa ya kwanza. Na ya pili pia wamechelewa."